Uzi: Filamu ya Gia (1998). Jolie kaitendea haki, ila mabosi wa Gia wametoka salama

Kiti cha Nyuma (mleta uzi)

Wakuu, nimeirudia Gia, ile ya HBO iliyorushwa kwa mara ya kwanza tarehe 31 Januari 1998. Muongozaji ni Michael Cristofer, ambaye pia aliandika mswada pamoja na Jay McInerney. Zamani niliitazama nikabaki nimeduwaa na Angelina Jolie anayemwigiza Gia, basi. Safari hii kuna jambo limenikaa kooni na nalileta hapa tulichambue. Kama hujaitazama na hupendi kusimuliwa, pita kushoto kwanza, ingawa mwisho wenyewe hawaufichi. Tangu mwanzo watu wanamzungumzia huyu binti kama mtu aliyekwisha kuondoka.

Kwa wasiomjua: Gia Marie Carangi, mwanamitindo, alizaliwa Philadelphia tarehe 29 Januari 1960. Baba yake alikuwa na biashara ya kuuza mikate iliyoshindiliwa nyama, na Gia mwenyewe alisimama kaunta pale. Mama aliondoka nyumbani binti akiwa na miaka 11. Akiwa na miaka 17 akaenda New York na kuchukuliwa na wakala wa wanamitindo wa Wilhelmina Cooper. Mwaka 1979 tu tayari yuko kwenye majalada ya jarida la mitindo la Vogue, toleo la Uingereza na la Paris, na Agosti 1980 akawa jalada la Vogue ya Marekani. Halafu heroini. Alikufa tarehe 18 Novemba 1986 kwa maradhi yatokanayo na UKIMWI, akiwa na miaka 26, miongoni mwa wanawake wa mwanzo wenye jina Marekani kufa hivyo.

Sasa hoja yangu. Filamu inataka tuamini kwamba Gia aliuawa na njaa ya kupendwa. Kila mtu anayeingia kwenye maisha yake anageuzwa ama mama ama mpenzi. Mama mzazi (Mercedes Ruehl) ndiye kidonda. Wilhelmina (Faye Dunaway) ni mama wa pili. Linda, mpambaji (Elizabeth Mitchell), ni penzi lisilokamatika. T.J. ni rafiki wa kutoka nyumbani. Ukimaliza kutazama unamlilia, lakini jiulize: katika saa mbili zile, ni nani alikuwa mwajiri wake? Nani alikuwa anaingiza pesa kwa uso ule? Huwaoni. Wapo, wanapiga picha, wanapiga simu, wanalalamika kwamba kachelewa, ila hawaonekani kama watu wenye maamuzi ya kujibia.

Chukua hili la Wilhelmina, maana hapa ndipo niliposhtuka. Wilhelmina wa kweli alizaliwa Uholanzi mwaka 1939, akawa mwanamitindo wa juu kabisa miaka ya 60, na mwaka 1967 akafungua wakala yake pamoja na mumewe. Alipofariki kwa saratani ya mapafu, tarehe 1 Machi 1980, alikuwa na miaka 40 tu. Maana yake alipompokea Gia alikuwa ana miaka 38 hivi, yumo katikati ya biashara, anashindana na mawakala wengine kwa kila msichana anayeshuka kwenye basi. Faye Dunaway alipoigiza alikuwa na miaka 56. Sisemi kaigiza vibaya, tena alibeba tuzo ya Golden Globe kwa nafasi hiyo. Lakini ile tofauti ya umri inabadilisha kila kitu. Unapomweka bibi mzima mwenye sigara na hekima nyuma ya meza, anaposema "njoo binti yangu" mtazamaji anaona kimbilio. Ungemweka mwanamke wa miaka 38 mwenye haraka zake, mtazamaji angeona mkataba.

Halafu kuna picha ya uzio. Wengi mnaikumbuka kwa sababu ndiyo sehemu inayozungumzwa zaidi. Mpiga picha anamwambia Gia abaki baada ya kazi, anavua nguo, anapigwa picha akiwa nyuma ya uzio wa waya, kisha mpambaji naye anaitwa aingie. Kisa hicho kina mzizi wa kweli. Mwaka 1978 Chris von Wangenheim alipiga picha za namna hiyo, na mpambaji aliyekuwemo alikuwa Sandy Linter, ambaye ndiye anayetajwa kuwa asili ya huyu Linda wa kwenye filamu. Gia alikuwa na miaka 18 na ile ilikuwa miongoni mwa kazi zake kubwa za mwanzo. Filamu imeipiga kama mwanzo wa mapenzi: taa laini, muziki, macho kwa macho. Mimi safari hii nilikuwa namtazama yule jamaa mwenye kamera. Binti mgeni mjini, kazi imekwisha, watu wengine wamekwenda zao, anaambiwa "baki kidogo". Kamera ya Cristofer inakaa upande wa mpiga picha na wala haijiulizi.

Na kubwa kuliko yote ni suala la mikono. Kufika mwaka 1980 Gia alikuwa anajidunga, na watu kwenye seti walikuwa wanaona. Toleo la Vogue ya Marekani la Novemba 1980 lilichapisha picha zake ambazo vinundu vyekundu vya sindano vilikuwa dhahiri kwenye kunjo la mkono. Fikiria picha ile imepita mikono mingapi. Mpiga picha kaiona, msaidizi kaiona, mhariri wa picha kaiona, anayesafisha picha kaiona na kajaribu kuifuta, mhariri mkuu kaipitisha. Hakuna mtu kwenye mnyororo ule anayeweza kusema hakujua. Ofisi nzima ilijua kuwa mfanyakazi anaumwa, na jibu lao likawa brashi ya kusafishia picha.

Baada ya Wilhelmina kufariki, Gia akahamia wakala ya Ford mwaka huohuo wa 1980 na wakaachana naye ndani ya wiki chache. Mtu angedhani hapo soko limefunga mlango. Wapi! Wakala nyingine, Elite, wakamchukua. Aprili 1982 akawa jalada la jarida la Cosmopolitan, kapigwa na Francesco Scavullo, mikono imepelekwa nyuma, na mpaka leo watu wanabishana kama ilikuwa pozi tu au walikuwa wanaficha makovu. Kazi zikaisha mwaka 1983 baada ya kukamatwa na dawa kwenye safari ya kupiga picha Afrika Kaskazini. Ukiitazama orodha hiyo, sioni mtu aliyekuwa anatafuta mama. Naona bidhaa iliyouzwa mpaka punje ya mwisho.

Jolie mwenyewe sina neno naye. Kuna pale mapema anapofika ofisini kwa Wilhelmina, mpokezi anamuuliza jina, yeye anachomoa kisu na kulichonga kwenye meza. Sekunde chache, hakuna hotuba, na tayari unajua ni nani kaingia. Mwigizaji mdogo zaidi angefanya ukorofi, yeye kafanya mchezo wa mtoto ambaye anaogopa kusahauliwa. Golden Globe na tuzo ya chama cha waigizaji kastahili. (Ndio usiku ule ule wa Globe, Januari 1999, aliojitosa kwenye bwawa la kuogelea na gauni lake. Nadhani Gia angecheka.)

Karibuni tubishane.

Mzee wa Reli

Mleta uzi, nimekusoma mpaka mwisho, umeandika vizuri, ila umeionea filamu. Umeitaka iwe kesi ya kazi wakati wao waliamua kuwa ni kisa cha nyumbani. Mtoto wa miaka 11 anaamka, mama hayupo. Yule Mila Kunis, kabla hata dunia haijamjua, anamwigiza Gia mdogo kwa dakika chache tu na zinatosha kueleza kwa nini mtu mzima wa baadaye hawezi kuachwa peke yake chumbani. Ruehl naye kafanya kazi ngumu. Anampenda mwanawe, anajivunia majarida, halafu kila akihitajika anapata sababu ya kurudi kwake. Hakuwekwa kuwa shetani. Mama wa namna hiyo wapo na wengi wao hawajui kuwa ndio hao.

Halafu mpiga picha angeweza kufanya nini? Akatae kumpiga? Angekuja mwingine.

Kiti cha Nyuma

Mzee wa Reli, hilo la "angekuja mwingine" ndilo hasa nililotaka filamu ilionyeshe. Kila mmoja kwenye seti ana udhuru huohuo, na kila udhuru peke yake unaingia akilini. Hiyo ingekuwa filamu nzuri mara mbili. Kuhusu Ruehl nakubaliana nawe kabisa, yeye na Jolie jikoni wakigombana ni bora kuliko picha zote za studio zilizomo.

Tobo la Sindano

Nafanya kazi ya mavazi, acha niongeze kitu ambacho filamu imekipitia juu juu: KWA NINI Gia? New York ilikuwa imejaa wasichana warembo. Nendeni mkatazame majalada ya miaka ile ya 70, soko lilikuwa la nywele za dhahabu, macho ya bluu, tabasamu la meno yote, binti wa michezo na afya. Gia alikuja na nywele nyeusi, macho meusi, damu ya Kiitaliano kwa baba, na uso ambao haukukuomba umpende. Tena hakukaa kwenye pozi. Wapiga picha waliozoea kupanga kidole na shingo walikuta mtu anayejongea muda wote na wao ndio wanamfuata. Nje ya kazi alivaa nguo za kiume, mabuti, koti la ngozi. Sekondari alikuwa na kundi la vijana waliompenda David Bowie kupindukia, wanajipaka na kuvaa kama yeye, na alikuja New York na ladha hiyo tayari mwilini.

Kwa hiyo mleta uzi nakupinga kidogo kwenye uzio. Ukimfanya Gia kuwa binti aliyefanyiwa kila kitu unamnyang'anya kitu ambacho kilikuwa chake. Zile picha ni nzuri kwa sababu anatazama kamera kana kwamba yeye ndiye aliyeiweka pale. Mamlaka alikuwa nayo. Ilikuwa ndogo, ilikuwa ndani ya fremu tu, na ikiisha fremu inaisha, lakini ilikuwepo.

Kiti cha Nyuma

"Ndani ya fremu tu." Hapo umenipata, Tobo. Nakubali kwamba zile picha ni zake pia. Ninachouliza ni kwa nini filamu ya mwaka 1998, yenye miaka 20 ya kutafakari, bado imeona fremu peke yake.

Chumvi Kidogo

Mimi niliitazama kwa ajili ya Jolie, mengine mtajaza wenyewe.

Zamu ya Usiku

Naomba niingie upande wa ugonjwa kwa sababu ndio kazi yangu, na nadhani bila kuelewa tarehe mtu haelewi sehemu ya mwisho ya filamu.

Visa vya kwanza vya UKIMWI viliripotiwa Marekani Juni 1981. Kipimo cha damu kilipata kibali Machi 1985. Gia alilazwa na nimonia ya mapafu yote mawili ndipo ikajulikana. Dawa ya kwanza kabisa, AZT, ilipitishwa Machi 1987, miezi minne baada ya yeye kufa. Kwa hiyo alipokuwa kitandani hospitali ya Hahnemann, Philadelphia, madaktari walikuwa wanatibu kila ugonjwa nyemelezi unapotokea na kusubiri mwingine. Hakukuwa na cha kumpa dhidi ya virusi wenyewe. Na hofu ilikuwa kubwa, wapo watumishi waliogopa kuingiza chakula vyumbani kwa wagonjwa wa namna ile.

Jambo la pili ni picha ya ugonjwa wenyewe. Mwaka 1986 watu wengi Marekani waliuhesabu kuwa ni wa wanaume wanaolala na wanaume. Mwanamke, mweupe, wa jalada la Vogue, aliyeambukizwa kwa sindano ya kuchangia, hakuwa na pa kuwekwa katika maelezo ya magazeti. Mazishi yalifanyika tarehe 23 Novemba kwenye nyumba ndogo ya mazishi, jeneza limefungwa. Hakuna aliyekuja kutoka ulimwengu wa mitindo. Wengi hawakupata hata habari mpaka wiki zimepita. Scavullo alituma kadi ya misa alipojua.

Sasa weka hilo pembeni ya mwaka filamu ilipotoka. Tiba ya mchanganyiko wa dawa ilianza mwaka 1996, na mwaka 1997 vifo vya UKIMWI Marekani vilishuka karibu nusu kulinganisha na mwaka uliotangulia. Watazamaji wa Januari 1998 walikuwa wanaangalia kitu ambacho kwa mara ya kwanza kilianza kuonekana kimepita. Nadhani ndio maana watengenezaji walipata ujasiri wa kuonyesha vidonda usoni na kitanda cha hospitali kwa muda ule. Miaka mitano kabla, mtazamaji angezima runinga.

Mzee wa Reli

Zamu ya Usiku, hapo kwenye tarehe umenifungua. Miezi minne!

Zamu ya Usiku

Nisikupe matumaini ya kurudi nyuma, mzee wangu. AZT peke yake haikuwa inaokoa watu kwa muda mrefu, ilisogeza mbele tu, na ilikuwa na madhara yake makali. Angehitaji kuishi mpaka 1996.

Hatua Nyingine

Nimekaa miaka mingi kwenye nyumba za kupata nafuu, kwanza kama mteja na sasa kama msimamizi, kwa hiyo nasema ninachokijua.

Arosto ya Jolie, yale mateso ya kukosa dawa, ni ya kweli. Sijui alifundishwa na nani lakini ule mwasho, kutotulia kwa miguu, kulia bila machozi, halafu dakika mbili baadaye yuko mtamu kama asali kwa sababu kuna mtu wa kumwomba pesa, hiyo haipatikani kwa kukisia. Hasa ule utamu. Waigizaji wengi huigiza teja kwa kutetemeka na kusahau kwamba teja ndiye mtu mwenye maneno mazuri kuliko wote nyumbani anapokuwa na shida.

Kinachonikera ni kipande ambacho filamu inakipita mbio mbio. Mwishoni mwa 1984 Gia aliingia Eagleville, hospitali ya tiba ya uraibu huko Pennsylvania, akakaa miezi kadhaa. Alipotoka akafanya kazi za kawaida kabisa. Kauza jinzi dukani, kakaa kaunta ya kulipia kwenye supamaketi, kafanya kazi kwenye chumba cha chakula cha makao ya wazee. Mnaelewa maana yake? Uso ambao ulikuwa jalada la Vogue miaka mitano tu iliyopita, unakupimia mboga zako na hujui. Mimi hapo ndipo ningeweka nusu saa. Kuna ujasiri wa ajabu katika kuamka saa kumi na mbili kwenda kulipwa ujira wa chini wakati unajua simu moja tu New York inaweza kukurudisha. Alirudi kutumia baadaye, sawa, lakini kurudi ni sehemu ya ugonjwa, wala hakufuti zile siku alizokuwa mzima.

Filamu za watu maarufu hazijui la kufanya na siku za kawaida. Zinataka kupanda na kuporomoka. Mtu aliyesimama tu, hana bangi wala unga, anasubiri basi, hawana lenzi ya kumpiga.

Tobo la Sindano

Hatua Nyingine, andika wewe hiyo filamu.

Hatua Nyingine

Nitafute mtu wa kuigiza kwanza 😄

Daftari la Zamani

Samahani nachelewa. Kuna watu wanamwita Gia "supamodo wa kwanza duniani". Jamani. Lisa Fonssagrives alikuwa jina kubwa tangu miaka ya 30 na 40, Dorian Leigh akafuata, Twiggy naye mwaka 1966 tu alikuwa gumzo la Uingereza, na mwaka uliofuata la Marekani. Wilhelmina mwenyewe alikuwa nyota kabla Gia hajajua kusoma. Huo wa "kwanza" ni ukuzaji wa soko.

Ila kuna kingine kuhusu jina ambacho kinamuunga mkono mleta uzi. Mwaka 1986, mwaka uleule Gia anaokufa, mwanamitindo Cindy Crawford alihamia New York kutoka upande wa Chicago. Nywele nyeusi, macho meusi. Mawakala walimuuza kwa jina la "Baby Gia". Yaani mtu yuko kitandani Philadelphia, na ofisi zilezile zinatumia jina lake kumtangaza mwingine. Crawford hana kosa, alikuwa binti wa miaka 20 anayetafuta kazi. Lakini hilo lingekuwa tukio la mwisho la filamu nyingine kabisa.

Kiti cha Nyuma

Daftari, nilikuwa nimelisahau hili la Baby Gia. Umenimalizia hoja bure.

Na niongeze la kipindi. Filamu ilirekodiwa mwaka 1997. Februari mwaka ule mpiga picha kijana Davide Sorrenti alikufa New York akiwa na miaka 20, na Mei Rais Clinton akasimama hadharani kuwalaumu watu wa mitindo kwa kuufanya uteja uonekane mvuto: sura za kukonda, macho yaliyozama, wasichana walioegemea milango ya vyoo. Maana yake wakati Jolie anavaa nguo za 1979, majarida ya 1997 yalikuwa yanauza sura hiyohiyo ya ugonjwa, safari hii makusudi. Mwaka 1980 walijaribu kuvifuta vile vinundu mkononi, miaka 17 baadaye wanauza sura ya uteja. Cristofer na McInerney walikuwa na hilo mlangoni pao na hawakulifungulia. McInerney hasa, mtu aliyejijengea jina kwa kuandika New York ya miaka ya 80 na unga wake puani, ningetarajia kutoka kwake macho makali zaidi.

Maswali Mengi

Habari zenu wakuu. Swali la mgeni: wale watu wanaohojiwa katikati ya filamu, ndio wenyewe? Maana mimi niliamini kabisa mpaka nikamwona Faye Dunaway.

Kiti cha Nyuma

Ni waigizaji wote, mkuu. Mtindo wa makala, kiti, mwanga, mtu anakumbuka. Yapo maneno yaliyochukuliwa kwenye daftari za Gia mwenyewe, hayo ndiyo Jolie anayasoma kwa sauti, lakini mashahidi wale wameandikiwa. Linda amejengwa juu ya mtu halisi kisha akabadilishwa, na T.J. usiende kumtafuta, hutampata. Mtindo huo unanipa shida kwa sababu unampa mtazamaji hisia kwamba kesi imesikilizwa na mashahidi wote wamefika, wakati waliotakiwa kuhojiwa kwa dhati hawajaitwa.

Maswali Mengi

Sasa nikitaka kuwasikia wenyewe kweli?

Daftari la Zamani

Tafuta The Self-Destruction of Gia ya mwaka 2003. Ni makala halisi, watu waliomjua wanazungumza kwa sura zao. Na ukipenda kusoma, kuna wasifu wa Stephen Fried, Thing of Beauty, wa 1993. Mwandishi ni mwanahabari wa Philadelphia na kachimba mpaka kwa watu wa shule. Huko ndiko utakakowakuta mawakala, wapiga picha na hesabu za kazi kwa majina. Zipo pia picha za mahojiano yake ya kipindi cha runinga cha 20/20 cha Januari 1983, Gia mwenyewe anaongea, anasema mambo yako sawa, na ukimtazama unaona hayako sawa.

Mzee wa Reli

Hayo ya 20/20 nimeyaona. Jolie ameyaona pia, bila shaka. Ile namna ya kuchelewa kujibu, kope nzito, kaichukua vilevile.

Maswali Mengi

Nashukuruni. Filamu nianze na ipi, ile ya runinga au ile ndefu? Naona kuna matoleo mawili.

Kiti cha Nyuma

Ile isiyokatwa ina dakika chache tu zaidi, nyingi ni za chumbani. Chukua yoyote. Ila anza na 20/20 kwanza, ndipo umtazame Jolie, halafu urudi hapa utuambie kama bado unamwona Wilhelmina kama mama.